Jembe la Kwa Nyange

Kwa Nyange,
Karibu na Mgogoni,
Pemba.
3 Machi 1998

Mpendwa kaka Bakar,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo kaka? Wifi na watoto hawajambo? Nasikia umenenepa. Tanga imekupokea vizuri, basi usitusahau sisi wa muhogo, na muhogo wenyewe mwaka huu tumbili wameuvuna kabla yetu. Sote huku tu wazima, isipokuwa mama.

Mama amelala tangu Rajabu. Miguu imevimba, na Ramadhani iliyopita hakufunga hata siku moja. Daktari ametupa dawa na maneno mazuri. Mama anazimeza dawa, maneno hayamwingii.

Siku hizi anatusimulia upya habari za babu Nyange, kana kwamba hatukuzaliwa hapa. Vipi alivyokuja peke yake na jembe moja, akakata msitu, na kabla hajavuna chochote akafiwa na binti yake, akamchimbia kaburi kwa jembe lile lile. Tangu hapo kila kaburi la hapa hufunguliwa kwa mapigo matatu ya jembe hilo, na mkono uwe wa mwanamume wa damu yake, na siku hizi aliyebaki hapa ni binamu yetu Ngwali peke yake. Unajua kwa nini anayarudia haya.

Mzee Masika, jirani yetu, alifariki Jumatatu baada ya Idi. Watu wa chama chetu wakakaa, wakisema msiba hauna mwaliko, Ngwali atakuja mwenyewe. Ngwali naye akakaa barazani kwake, kavaa kanzu, jembe la babu mapajani, akisema, "Jembe lino haliji lisipokwitwa na wenye maiti." Wote walisema kweli, na maiti akangoja tangu asubuhi mpaka alasiri. Mwisho wakaletwa vijana kutoka Konde, kaburi likafunguliwa na watu baki.

Nami nimo katika kosa hilo. Mwanawe Masika aliniuliza kama aende akamwite Ngwali, nikamjibu tusijipendekeze kwa watu wa chama kile. Naona haya hata kuliandika.

Habari zilipomfikia mama alinishika mkono akaniuliza, "Na mie ntafunguliwa kaburi na nani?" Analia, kaka, na mama yetu unamjua si mtu wa kulia.

Anamtaka Ngwali, mtoto wa kaka yake. Na mwenye kumwita ni mwanamume mkubwa wa nyumba hii, yaani wewe, uliyemwambia mbele za watu, baada ya uchaguzi, asiukanyage tena ukumbi wa mama. Hajaukanyaga. Kila asubuhi huja mpaka kwenye ua wa makuti, huuliza, "Shangazi kaamkaje?", mimi humjibu nikiwa ndani, naye huenda zake. Mkewe, Khairiya, hunipa uji juu ya ua, nami bakuli hulirudisha juu ya ua. Watu wazima tunacheza mchezo wa watoto.

Wazee walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Sisi tumewapita, maana tunaligombania jembe lenyewe.

Siasa zako sizigusi. Kura yako ni yako, na yangu haijabadilika. Nakuomba mistari miwili tu, jina la Ngwali juu, jina lako chini, kwamba ukumbi ni wake na siku ikifika jembe limekwitwa. Mama hakuombi uje, nauli anaijua. Barua hii anakuletea Ashraf wa dukani Konde, mpe jibu arudi nalo.

Msalimie wifi Maryamu, na Saud na Hind uwabusu kwa niaba ya bibi yao. Mungu akuzidishie riziki ya halali na moyo mwepesi.

Jambo moja mama halijui. Barua yako isipofika na hali yake ikanizidi, sitangoja. Hakuna mwanamke aliyewahi kuliita jembe hapa Kwa Nyange. Nitafungua mlango wa ua mchana, watu wa vyama vyote wakitazama, nitamwambia Ngwali aingie akae kitandani kwa shangazi yake, nami nitaliita jembe mama angali hai, asikie kwa masikio yake.

Mdogo wako akupendaye hata akikukasirikia,
Rahila