Mkono Unaopanda Kabla ya Ngoma

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Sijui kuanza kuongea nawe kwa namna nyingine. Nakuandikia kutoka kwa dada Limi, hapa Kalangalala, Geita, na nimechoka. Si uchovu wa kazi, maana kazi yangu ya siku hizi ni ya kukaa kwenye kiti. Kuna jambo nimelibeba tangu siku uliyoondoka, na sina tena nguvu ya kulibeba peke yangu.

Unakumbuka nilivyorudi nyumbani Mhunze. Nilishuka na begi moja na kompyuta ya mtumba yenye ufa pembeni mwa kioo. Nilikuwa Nyarugusu, karashani, nikilisha mawe ya dhahabu kwenye mashine inayosaga kutwa nzima. Limi alipiga simu akasema umepata kiharusi, upande wa kushoto hauna nguvu na maneno yamekukimbia. Yeye ana mume na watoto Geita. Mimi kitindamimba sikuwa na mke wala shamba, basi ikawa mimi.

Kukuogesha ndiko kulikonishinda mwanzoni. Siku ya kwanza ulifumba macho tangu nilipokuvua shati hadi nilipokufunika shuka. Mimi nilitazama ukuta, nikakosea nikakumwagia maji ya moto begani. Baada ya wiki mbili ukaanza kufumbua macho. Baadaye ukawa unauinua mkono wa kulia mwenyewe ili nipitishe kitambaa kwapani. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo, na hata ungekuwa na maneno yako yote nadhani tusingelizungumza.

Ukishakunywa uji nilikaa karibu na godoro lako, kompyuta magotini. Juu ya kazi ile ya kompyuta uliniuliza mara moja tu, mwaka mmoja kabla hujaugua, nilipokuja kukusalimu. Nilikueleza kwamba ni mchezo. Wimbo unapigwa, vimduara vinatokea kwenye kioo, na mchezaji anagonga kila kimoja kwa mdundo. Wachezaji wenyewe ndio wanaotengeneza nyimbo za kuchezwa. Kila wimbo unaitwa levo, na kabla levo haijaanza mtu anaweza kuweka utangulizi, yaani picha na maandishi yanayotembea, ili mchezaji ajue anaingia wapi. Nilitaka kujifunza kutengeneza hizo tangulizi.

Ulisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mnapiga ngoma kwa vidole," ukasema.

"Ndiyo, Baba."

"Basi si mbaya."

Wiki ileile majirani walikuita uwapigie ngoma wakilima, na nikakurekodi kwa simu. Niliona kwamba kabla ya pigo la kwanza uliuinua mkono juu sana ukauacha hapo, majembe yote yakakusubiri. Jioni nilikuuliza kwa nini. "Wasipouona unapanda," ukanijibu, "watagongana majembe."

Ulipougua, rekodi hiyo ndiyo niliyoifanya levo yangu ya kwanza. Nilijua hutapiga ngoma tena, na nilitaka mikono ya watu nisiowajua ipige pamoja nawe.

Sikujua itanitesa hivyo. Picha hazitembei kwa kuchorwa tu. Unaandika mstari kwa kila jambo: picha ipi, inaanza milisekunde ya ngapi, inaisha ya ngapi, inatoka wapi kwenda wapi, inafifia au inang'aa. Mkato mmoja ukikaa pasipo pake, kila kitu kinapotea. Kwa majuma kadhaa nilipata kioo cheusi tu. Nilikuwa nafua mashuka yako asubuhi, nakugeuza upande ili usipate vidonda, nakulisha, kisha narudi kwenye kioo cheusi. Hata hivyo sikuacha. Saa zile ndizo pekee ambazo nilikuwa mtu mwenye kitu chake.

Picha zilipoanza kutembea nilishikwa na tamaa. Nikaweka moto, nikaweka simbi nyeupe za mapambo, nikaweka jina lako kwa herufi zinazoruka kutoka pembe nne. Nikakugeuzia kompyuta uone. Ulitazama kidogo, kisha ukageukia ukutani. Nikamtumia mwanamke mmoja wa nchi ya mbali anayekagua kazi za wanaojifunza, naye akaniandikia kwamba amechoka kabla wimbo haujaanza. Niliwakasirikia wote wawili. Siku ile nilikulisha bila kusema neno, na unisamehe kwa hilo pia.

Alasiri moja niliipiga rekodi peke yake, bila picha, nikitafuta pigo la kwanza liko wapi. Nikaona shuka linasogea. Uliutoa mkono wako wa kulia, ukauinua, ukauacha hewani. Ukaushusha sawasawa na ngoma. Nikairudisha rekodi mwanzo nawe ukarudia. Tulirudia mara nyingi mpaka mkono ukaanza kutetemeka, nikausimamisha kwa mkono wangu.

Nilifuta kila kitu. Nikachora mkono wako kwa penseli kwenye daftari, picha kumi na mbili, nikazipiga picha kwa simu. Utangulizi ukawa shamba tupu, mkono unapanda, unatulia, halafu levo inaanza. Nilikuonyesha, na ukaangalia mpaka mwisho. "Wabeja," ukasema. Kiharusi kilikuwa kimekuachia maneno machache sana, na hilo la asante ukanipa mimi.

Ingetosha kuishia hapo. Lakini mkono ule wa kwenye kioo ulikuwa unashuka mapema kidogo kuliko ngoma, tofauti ambayo jicho la kawaida halioni. Nilitaka uwe sawa.

Asubuhi ile ulikunywa nusu ya uji. Nikakuwekea kikombe cha maji karibu, nikavaa hedifoni, nikakaa nimekupa mgongo kwa sababu mwanga wa dirisha ulikuwa unapiga kwenye kioo. Nikawa naongeza milisekunde kumi, napunguza tano, naongeza tatu. Sijui ni muda gani ulipita. Nilihisi maji kwenye unyayo. Nilipogeuka kikombe kilikuwa kimeanguka, na wewe ulikuwa umeshaondoka.

Sijui kama uliniita. Hilo ndilo jambo lenyewe, Baba. Muuguzi alisema ni kiharusi cha pili, kilikuwa kikubwa, hata ningekuwa nimekushika mkono kisingegeuka. Namwamini. Lakini hakuna aliyeniuliza kama ungetaka kushikwa mkono.

Limi alipofika aliniuliza ulikuwaje mwishoni. Nikamwambia nilikuwa nje naanika mashuka, na kwamba nilikuacha umelala. Alipomshukuru Mungu kwamba ulikwenda usingizini, nikamwacha aamini hivyo. Na watu wote waliokuja msibani waliambiwa hivyo.

Nilikaa miezi bila kuifungua kazi ile. Nilihamia hapa, nikapata kibarua cha kutengeneza video za harusi na kipaimara. Mwanzo wa video, majina yakipanda taratibu kwenye kioo, ndiyo kazi yangu, na wanasema naijua. Mwezi uliopita nikaifungua ya kwako, nikausahihisha mkono, nikaituma kwa wenye mchezo. Imekubaliwa. Kuna watu wanaicheza. Mmoja ameandika kwamba kwa kawaida tangulizi huziruka, hii hakuiruka.

Nilidhani nitafurahi. Nililala kutwa nzima.

Jumapili tulipotoka kanisani nilimkuta Limi uani anachambua mchele. Nikakaa chini kwenye mkeka, nikamwambia yote: hedifoni, mgongo, maji, na uongo wangu wa mashuka. Aliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza. Kisha ungo ukatulia mapajani. Sikuthubutu kumtazama.

"Masanja," akasema mwishowe, "tangu asubuhi umekula nini?"

Nikamwambia sijala. Akaweka ungo chini, akaingia ndani kunipakulia.

Pumzika, Baba. Nami naenda kujaribu kulala.

Ni mimi, mwanao wa mwisho,
Masanja