Nimeambiwa Nitazame Miguu

Jumamosi. Rasharasha tangu asubuhi.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kujua kama bendi itanibakisha au itatafuta mwingine.

Tangu nimalize shule nimekuwa nikipiga gitaa la besi katika bendi ya muziki wa kantri ya Anko Njoroge. Siku za kazi yeye ni dereva wa basi. Wikendi huvaa kofia pana na kuimba kwenye sherehe za Wakenya wa huku ughaibuni. Mpiga besi wake alirudi Nakuru, na Mama akamwambia kwamba mimi hupiga kanisani. Hata hivyo Mama hachoki kunitania: "Wenzako wana nyuzi sita, wewe nne. Walikupunja?"

Wiki mbili zilizopita, kwenye sherehe huko Hayes, niliharibu.

Ulikuwa wimbo wa polepole, wa mapigo matatu, na wazee walikuwa wakicheza wawili wawili. Kanisani kwetu mpiga besi akitulia huulizwa kama amelala, kwa hiyo nikajaza kila nafasi, vidole mbio kama niko kwenye benga. Wachezaji wakapoteza hatua. Mama mmoja akamkanyaga mumewe. Wote wakasimama wakitutazama, nami nikatamani kuingia ndani ya spika.

Anko hakunigombeza. Kwenye gari aliniambia tu, "Unapiga vizuri, msichana. Lakini wale hawakuja kukusikiliza wewe, wamekuja kucheza. Tazama miguu yao. Tukipiga tena Hayes, nitaamua."

Nikiri jambo moja. Shuleni, kila mwaka, walimu waliandika kwamba niinue kichwa. Mimi ni mtu wa kutazama chini. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba huko chini kuna kazi.

Leo, Hayes tena, mzee mmoja na mkewe walikuwa wakisherehekea miaka thelathini ya ndoa. Wimbo ule ule ulipofika, nikainamisha kichwa. Nikatafuta miguu yao. Mzee alikuwa na viatu vya kahawia vilivyong'arishwa. Mkewe alikuwa amevua vyake, amebaki na soksi. Noti moja, kisha nasubiri. Noti moja, kisha nasubiri.

Goti la mzee lilikuwa zito. Kila akigeuka alichelewa kidogo, basi nami nikachelewa naye. Mpiga ngoma akanifuata. Hawakukosa hatua hata moja.

Na hakuna aliyetutazama.

Noti ya mwisho ilipokuwa ikififia niliinua macho mara moja. Yule mama alikuwa amelaza kichwa kwenye bega la mumewe, amefumba macho. Nikarudisha yangu sakafuni haraka, kama niliyefungua mlango wa watu bila kubisha hodi.

Tulipokuwa tukikunja nyaya, Anko alisema bila kunigeukia, "Jumamosi ijayo tuko Harrow. Saa nane. Usichelewe."

Nilijibu "Sawa, Anko," basi.

Nyumbani nilimwambia Mama kwamba nimebakizwa kwenye bendi. Alikuwa bado na sare ya kazi. Alinimiminia chai, kisha akasema, "Na huo uzi wa tano watakuongezea lini?"

Harrow nitajaribu kuinua macho zaidi. Hadi magotini, kwa kuanzia.