Ubatizo wa Melitón

Abundio,

Maharage yako jikoni, yapashe mwenyewe. Dawa ya presha unywe ukishakula. Tamale ~~usiziguse~~ uzile zote, kazifunga Eufrasia kwenye majani ya mahindi kwa mikono yake, mimi zinanitia kichefuchefu.

Unakumbuka alivyokataa umsimamie mwanawe Melitón ubatizo? Miaka yote nilidhani shoga yangu anadharau umaskini wetu. Leo asubuhi tukifunga hizo tamale nikamtania: "We mwanamke, mume wangu alikuwa na ukoma hata asifae kumsimamia mwanao?"

Akalamba mchuzi wa mole kidoleni. "Shoga, tumeshazeeka, nikufiche nini? Baba hamsimamii mwanawe mwenyewe ubatizo. Ni dhambi. Nilimwogopa Mungu."

Ptuu! Mbele ya padri alimwogopa Mungu, kitandani kwangu hakumwogopa! Na wewe kila Jumapili ulikuwa unamkaribisha mezani, unamjazia sahani.

Nimekwenda Tlacolula kwa dada. Kuku uwafungie kabla ya giza. Godoro nimelitupa uani. Mbwa akikupisha, lala.

~~Mkeo~~

Mama wa wanao. Wale watatu tu.