Siku Baba Neema Alipouona Ufukwe Mpya wa Mwanza

Jumamosi. Mawingu tangu alfajiri, kisha jua la jioni likatoka kwa nguvu.

Naandika hapa gesti. Mume wangu, Baba Neema, amelala kitandani na mlango umefungwa. Nyumbani Ushirombo, miezi yote hii, amekuwa akilala barazani.

Sijawahi kuliandika hili. Alikuwa mchimbaji Mwakitolyo. Duara, yaani shimo lao la dhahabu, lilititia wakiwa chini. Yeye alitolewa akiwa na mguu uliovunjika. Mwenzake hakutoka. Tangu hapo hakai chumba kilichofungwa, na ukimuuliza kitu anajibu "ndiyo" au "yaya", hapana ya kwetu, basi.

Leo tulileta mguu kupigwa picha. Mfupa umeunga, daktari akasema. Basi la kurudi lilikuwa limeshatuacha, nikamwambia twende tukaone huko ziwani wanakosema pametengenezwa.

Mimi nilipajua nikiwa msichana: matope, magugumaji, takataka mpaka ndani ya maji. Leo sikupatambua. Wamejenga ukuta wa mawe kando ya ziwa, wakatandaza njia pana, wakapanda nyasi na kuweka mabenchi yanayotazama maji. Jengo la zamani la bandarini limepakwa rangi, sasa ni mgahawa. Watu wazima wamekaa tu, hawauzi kitu, wanatazama. Na yale majabali ya Mwanza yamesimama majini, moja juu ya jingine, makubwa kuliko nilivyoyakumbuka.

Nilibaki mdomo wazi.

Baba Neema alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta, akapitisha kiganja juu ya mawe, taratibu. Mawe ndiyo yaliyomwangukia.

Mama mmoja mwenye boti akatuita, "Karibuni, niwazungushe mpaka kwenye majabali!" Nikiwa bado natafuta namna ya kukataa, mume wangu alishavaa jaketi la kuokolea.

Sijui kuogelea. Niliung'ang'ania ubao, nikasali Salamu Maria mpaka nikachanganya maneno. Ndipo nikasikia kicheko. Chake. Ananicheka mimi!

Nikainua uso. Mji wote ulikuwa mbele yetu: vilima, nyumba zilizobanana katikati ya miamba, taa zikianza kuwaka kando ya ile njia mpya, na nyuma yetu maji hayana mwisho. Sijawahi kuona kitu kama kile. Hata woga ulinitoka.

"Mama Neema," akasema, "kumbe huku juu ni kukubwa hivi."

Boti likageuka kurudi.

"Duarani sirudi."

Nilimshika tu mkono mpaka tukafika nchi kavu.

Dhahabu ndiyo iliyotulisha, siwezi kudanganya. Lakini shamba la marehemu baba yangu lipo, limegeuka pori. Jumatatu tunaanza kufyeka.