Sufuria Aliyoikwangua Selestine

Klara mjukuu wangu,

Alfajiri bibi yako alisikia kijiko kikikwangua sufuria. Alikuwa kaka yako Selestine. Leo anaondoka na yule mzungu, Bwana Makrei, kwenda kuwa mpishi katika mashua yake ya tanga, mpaka visiwa vya mwisho vya Ulaya, ambako hata Kiingereza ni cha wageni. Na huyu ndiye aliyetapika ndani ya mtumbwi pale Nungwe.

Ng'ombe hajakamuliwa. Uji wako uko jikoni.

Nyumba hii msafiri huacha tonge, ili chakula kimsubiri. Babu yako alimaliza chake, akaenda vitani, hakurudi. Selestine naye amemaliza, kisha akaisugua sufuria ikang'aa, eti bibi asisumbue magoti yake. Wema huo ndio unaomtisha bibi.

Bibi amefunga ugali kwenye kitambaa, analiwahi lori la Gulamali atakaloondoka nalo kaka yako. Selestine akimega kidogo tu, utakaobaki tutaufunika, usiguswe na mtu.

Usimwambie mama yako. Hapana, hilo nimelikata kwa kalamu. Mwambie, amwombee.

Bibi akikuta lori limeshaondoka, mwandikie kaka yako maneno haya: tonge lako lipo, njoo tena utuone.

Bibi yako