Baba, Nimeona Poda Chini ya Injini

Baba yangu mpendwa,

Kimya changu si kiburi, kama ulivyomwambia Mama. Nilinyamaza wiki hizi tatu tangu harusi kwa sababu niliumia. Hukuja kanisani, nami nikajua bado unamshikia mume wangu Mutwiri ile hasira ya dizeli. Leo ninaandika, maana nilichokiona jana mchana bado sijakiamini.

Unaikumbuka siku ya dizeli. Mutwiri alifika kwetu Kanja mara ya kwanza kutoka Meru, shati limepigwa pasi, mkate na sukari ya Mama mkononi, na hakujua aketi wapi. Wewe ulikuwa shambani kwenye kahawa. Akaliona gari lako la spoti, lile jekundu la milango miwili ambalo majirani waliliita kobe kwa jinsi lilivyolala chini, akataka kukufurahisha. Akafungua boneti, akaosha injini nzima kwa dizeli na brashi mpaka ikang'aa. Uliporudi alikuwa amesimama kando yake kama mtoto aliyeongoza darasa.

Ulinusa tu. "Nani amemwaga dizeli hapa?"

"Ni mimi, mzee. Nimesafisha."

"Umesafisha. Na hizi maunti? Hujui dizeli inakula mpira?"

Maskini hakujua hata maunti ni nini. Yeye huuza mbegu na dawa za ng'ombe. Nilimweleza mimi, baadaye, kwamba ni vile vipande vya mpira na chuma vinavyobeba injini isigonge bodi, na kwamba mpira ukilowa mafuta huvimba, ukalegea, injini ikaanza kuruka. Na kweli, miezi michache baadaye gari lilitetemeka hadi kioo cha ndani kikaanguka. Ukaniita. "Mami, mtu anaogesha injini na dizeli, wewe atakutunza aje?" Nilikuwa na mapenzi tu, Baba, na mapenzi hayakukutosha.

Kitu ambacho sikukielewa ni kwamba maunti mpya ulikuwa nazo. Nilikuwa darasa la sita ulipozileta, ukazipaka poda ya mtoto ili mpira usishikane wala kukauka, ukazifunga kwa gazeti na kuziweka kabatini chini ya mablanketi. Kila mwaka ulizifungua, ukazipangusa, ukazipaka tena. Mama alikuwa akikucheka: "Baba Wanja, hata mimi hujawahi kuninunulia poda." Nami, niliyezoea kukushikia spana, nikauliza kwa nini usizifunge garini. "Bado. Hizo ni za siku kubwa." Nilidhani siku kubwa ni siku utakayoliuza.

Asubuhi ya harusi Mjomba Njeru alilileta gari likiwa na maua na riboni, akiwa peke yake. "Baba yako hakuja. Twende." Alikuwa akiangalia viatu vyake. Barabara ilikuwa mawe matupu, kina mama wakiimba nje ya dirisha, mimi nikilia ndani ya shela. Nani angesikiliza kama injini bado inatetemeka? Mjomba ndiye aliyenishika mkono hadi mbele. Siku iliyofuata akatuletea gari hapa Meru, akasema umetupa liwe letu. Nikalifunika turubai. Sikutaka liwashwe.

Na hapa niruhusu nimsifu mume wangu kidogo. Huniletea chai kitandani kabla sijafumbua macho. Nikisikia lango likifunguliwa jioni, moyo wangu hukimbia mbele yangu. Jana, bila kuniambia, alirudi na maunti mpya alizonunua mwenyewe. "Nataka mzee alikute gari lake likiwa sawa," alisema. "Nilianza vibaya na yeye." Akaweka ubao juu ya jeki kama ulivyonifundisha, nami nikamfundisha, akaiinua injini taratibu. Kisha akaniita.

"Wanja, kuja uone. Kuna unga hapa."

Nikainama. Haukuwa unga. Niliijua harufu kabla ya kugusa. Maunti zilikuwa mpya, mpira mweusi mzima, na kwenye mikunjo yake, poda nyeupe. Nikakaa chini mchangani na mwiko wa ugali mkononi.

Nilimpigia Mjomba. Nikamwambia nilichokiona.

"Baba yako alitukataza kusema."

Ndipo akaniambia. Kwamba ulilala chini ya gari Alhamisi na Ijumaa nzima kabla ya harusi, peke yako, na mgongo ule ambao daktari aliukataza hata kuinua ndoo. Kwamba ulipokaza bolti ya mwisho, mgongo ulikataa, yeye na Mama wakakuvuta kutoka chini ya gari juu ya gunia. Kwamba saa ile nilipokuwa nikikulaumu madhabahuni, ulikuwa umelala ukiangalia dari, suti yako imepigwa pasi, imetundikwa mlangoni. "Nilitaka kukuambia," Mjomba alisema. "Akasema, 'Huyo ninavyomjua, ataacha kanisa akuje hapa na hiyo gauni. Mwache aolewe.'"

Ningekuja, Baba. Ulinijua vizuri. Mimi ndiye sikukujua, na hilo ndilo linaloniumiza hata sasa, katikati ya furaha hii yote. Miaka yote hiyo ya poda ilikuwa yangu.

Mutwiri aliishusha injini, akapangusa mikono, akaliwasha gari na kuweka kikombe cha chai juu ya boneti. Tukasimama tukikiangalia. Hakuna tone lililomwagika. Akageuka upande wa ukuta, nikamwacha alie.

Zile alizonunua yeye tumezipaka poda, tumezifunga kwa gazeti, ziko kabatini chini ya mablanketi. Hatujui siku yake. Tutasubiri.

Wewe endelea kulala kama daktari alivyosema, na usimruhusu Mama aiondoe suti hapo mlangoni. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja Kanja, sisi wawili, na gari lako. Nitalivaa gauni langu tena hapo langoni, wachuma kahawa wacheke wakitaka. Utatoka polepole, na fimbo kama ni lazima, unishike mkono, unipeleke hadi mlangoni kwa Mama. Mutwiri atakuwa amesimama hapo akikungoja umkabidhi.

Mami wako, mke wa Mutwiri,
Wanja