Mshika Breki wa Behewa la Mwisho

KITUO CHA POLISI UNTERREHBACH, BAVARIA
Maelezo ya shahidi kuhusu kifo cha Lorenz Dörfler, mshika breki wa reli

Jina: Veit Pöhlmann
Umri: miaka 58
Kazi: dereva wa injini ya kusukuma
Makazi: chumba cha juu, nyumba ya wafanyakazi wa reli, Unterrehbach. Mke amefariki.
Tarehe: 9 Februari 1921, saa nne asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja bila kuitwa.

Kazi yangu kwa miaka kumi na moja ni kusukuma. Treni ya mizigo ikifika hapa chini, injini ya mbele haiwezi kuupanda mlima peke yake. Mimi huja kwa nyuma na injini yangu ya magurudumu kumi na sita, inayobeba maji na makaa yake yenyewe, nikaligusa behewa la mwisho na kulisukuma hadi kileleni, Hohenrehbach. Injini yetu haiunganishwi na treni. Kileleni nafunga mvuke, treni inakwenda zake, nasi tunarudi chini. Watu wa injini ya mbele siwajui hata kwa sura. Ninayemwona ni mmoja tu, mshika breki, anayekaza breki ya mkono akiwa kwenye kibanda cha behewa la mwisho, dirisha lake likinielekea.

Kwa miaka sita mshika breki wa treni ya mchana alikuwa ni huyu marehemu. Tangu mke wangu afariki, hakuna uso nilioutazama zaidi kuliko huo. Sauti yake sijawahi kuisikia. Kileleni alikuwa akivua kofia, nami navua yangu, basi. Jina lake nimelijua jana jioni, mlipokuja kutuhoji.

Mnamo tarehe 8 Februari 1921, siku ya Jumanne, saa saba na dakika kumi mchana, tuliondoka Unterrehbach. Theluji ilikuwa ikianguka. Kilomita ya tatu, kwenye kona ya machimbo ya mawe, nilimwona ameegemeza kichwa kwenye kioo. Nikamwambia mchochea moto wangu, Alois Zeitler, "Mtazame bwana mkubwa, anauchapa usingizi kama yuko kanisani."

Alois alitazama, akasema, "Mzee, huyo halali hivyo. Piga honi tusimame."

"Nikipiga honi treni nzima inasimama mlimani, na yeye anaandikwa kalala kazini. Wakimfukuza, utamlisha wewe?"

"Basi mwamshe."

Sisi wasukumaji tuna namna yetu ya kumwamsha mshika breki bila kumchongea kwa wakubwa. Unapunguza mvuke, behewa linaachana na injini kiasi cha kiganja, halafu unafungua tena na kuligonga. Kwenye kanuni haimo. Niligonga mara moja. Kichwa chake kikainuka, kikaanguka mbele.

Nikasema, "Umeona? Kaitikia."

"Kimetikisika tu hicho, mzee. Hata gunia la viazi lingeitikia hivyo."

Nikamwambia achochee moto wake, kutazama ni kazi yangu. Kilomita ya saba niligonga tena. Akaitikia tena, au mimi nilitaka iwe hivyo.

Saa saba na dakika hamsini na mbili tulifika kileleni. Nilivua kofia. Yeye hakuvua. Niliumia, sitaficha. Nikamwambia Alois, "Kaninunia kwa sababu nimemgonga." Nikafunga mvuke, nikamwacha aende. Mlinzi wa ishara alikuwa dirishani kwake, hatua ishirini, na ningemwita angeisimamisha treni. Nyumba ya daktari iko nyuma ya stesheni hiyo hiyo ya kileleni. Wahenga husema tenda wema nenda zako. Mimi nilidhani nimetenda, nikaenda zangu, nikashuka kunywa supu.

Stesheni iliyofuata alikutwa amekufa, saa nane na nusu. Daktari wa huko ameandika kwamba moyo ulisimama si zaidi ya robo saa kabla. Kwa hiyo nilipomwacha alikuwa hai.

Jana Alois aliwaambia kwamba moshi ulitufunika, hatukuona kitu. Alisema hivyo kunikinga, naomba asiadhibiwe. Si kweli. Upepo ulikuwa wa pembeni na dirisha lilikuwa safi. Nasikia mkaguzi wa reli anataka kuandika kwamba marehemu alilala kazini. Hakulala. Ni mimi niliyesema analala.

Nimeambiwa mkewe, Bi Kunigunda, yuko ukumbini tangu asubuhi, anauliza kama kulikuwa na mtu karibu na mumewe. Alikuwapo. Nilikuwa hatua kumi na tano kutoka kwake kwa dakika arobaini na mbili.

Hayo ndiyo maelezo yangu. Sina la kupunguza.

(Sahihi) V. Pöhlmann

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo A. Hübschmann, na kumsomea shahidi. Amesahihisha mahali pamoja: nilikuwa nimeandika "niliyedhani analala", akataka iwe "niliyesema analala". Hajashikiliwa. Nilimwonyesha mlango wa nyuma ili asikutane na mjane wa marehemu. Ametoka kwa mlango wa mbele.